Sauti ya Mama Pendo

Jumatatu, 3 Machi

Jua kali. Vumbi la Barabara ya Kangundo limeingia mpaka ndani ya unga. Nimetoka soko la Gikomba na furushi la sweta za watoto, na mvua ikichelewa hakuna mama atakayenunua sweta. Mwanangu Amolo amelala bila kukohoa. Nimeamua kuandika kwa sababu nikiongea peke yangu mtoto huniuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Jumamosi, 8 Machi

Wekulo amekuja na flashi mfukoni. Ndiye mwenye kibanda cha muvi hapa Njiru, na mume wangu Sylvance ndiye humtafsiria. Muvi inakuja na lugha ya watu wa huko mbali, Sylvance anaweka sauti yake juu, anawapa watu majina ya hapa kwetu, anatia utani, kina mama kwa kina baba wanalipa kiingilio. Hapa hakuna anayemjua Sylvance. Wanamjua Dijei Silo. Na miaka yote amekuwa ni wa vita na makarate.

"Shemeji," Wekulo akamwambia. Humwita shemeji kwa kuwa mimi Nafula ni Mbukusu kama yeye, basi nimekuwa dada yake bila kuulizwa. "Shemeji, wanaume siku hizi wako kwa mpira. Wamebaki kina mama, na kina mama wamechoka na mabunduki. Hii hapa ni ya mapenzi. Vichekesho tupu."

"Mapenzi sijui kutafsiri."

"Una bibi ndani ya nyumba na hujui mapenzi? Dada, umesikia huyu?"

Mimi nilicheka. Sylvance aliichukua flashi akaigeuzageuza kama dawa chungu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Sylvance ameitazama muvi yote ili aijue, nami nikawa nachungulia huku nashona vifungo. Yeye anasema ni ya Uturuki, Wekulo anasema ni ya Serbia, na lugha yenyewe hakuna anayeijua kati yao. Lakini hadithi inaonekana kwa macho. Mume anatengeneza saa, mke anasuka watu nywele. Kitandani wanalala wamepeana mgongo. Mume ana msichana kwenye simu, wa mji mwingine, hawajawahi kuonana. Anacheka na simu chooni, anacheka na simu chini ya meza. Mke anagundua, mama mkwe anajificha kabatini, msichana anafunga safari na sanduku lake na kupanga chumba cha juu. Mwisho kuna harusi ya jirani, mume anaanguka kwenye bwawa la kuogelea, mke anamvuta nje, wanakumbatiana.

Sylvance ameshawapa majina. Mume ni Baba Pendo, mke ni Mama Pendo, yule mwingine ni Kasichana ka Mtandao.

Nikasema, "Huyo mke amekonda sana kuwa Mama Pendo."

"Sauti itamnenepesha," akajibu.

Jumatano, 19 Machi

Kurekodi ni kazi ya nyumba nzima. Godoro linasimamishwa mlangoni, blanketi zinatundikwa dirishani, maiki inavikwa soksi ya Amolo isipige mluzi. Mimi na mtoto tunatoka nje, kwa kuwa wa miaka mitatu hajui kunyamaza. Tunakaa kwa Mama Khalif, jina lake Qamar, Msomali anayeuza madira na vitambaa pale langoni mwa ploti.

Siku zote nilimwona Mama Khalif kuwa mtu wa kicheko tu, mtu asiyebeba kitu moyoni. Leo nilipomweleza muvi inahusu nini, alitikisa kichwa. "Kwani hiyo ni vichekesho? Mimi niliolewa kwa simu."

"Kwa simu vipi?"

"Abukar alikuwa Afrika Kusini, ana duka huko. Sheikh akakaa na baba yangu na mashahidi, simu ikawekwa spika katikati ya mkeka. Baba akaniozesha, Abukar akakubali. Laini ikakatika. Akapigiwa tena, akakubali tena, mashahidi wasiwe na shaka. Hapo hapo nikawa mke wa mtu."

"Na hujamwona?"

"Picha tu. Alikuja baadaye. Mfupi kuliko picha, walaal, ndugu yangu!"

Tulicheka mpaka akanikataza, amefunga Ramadhani, koo linakauka.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Mabati yanapiga kelele hata mtu hajisikii akimeza mate. Hakuna kurekodi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Nimeuza sweta.

Alhamisi, 27 Machi

Mchana ilikatika kidogo, Sylvance akatufukuza nje mbio. Nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba, na mabati ni mabati, sauti inapita. Nikamsikia akijikamua kwa sauti ya kike: "Baba Pendo! Ukimaliza kucheka na hiyo simu, hicho kicheko kilete na huku. Sisi pia tuna masikio!"

Nikasimama na shuka mkononi. Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia Januari, tukiwa tunakula.

Alipofungua mlango nikamuuliza.

"Kwani vibaya?" akasema. "Ningemtoa wapi mke anayejua kusema? Hiyo ni kukusifu."

Nikakubali. Ukweli ni kwamba nilihisi kusifiwa kidogo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama Khalif ametuletea sinia ya wali na nyama. Barabara imekuwa uji wa matope, mkokoteni mmoja umekwama tangu asubuhi.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mlangoni mwa kibanda.

Sehemu ya kwanza ya muvi ilionyeshwa leo mchana na kibanda kilijaa kina mama. Mama Khalif alikuja na buibui lake jipya, akanivuta mkono, "Kaa hapa kwangu, mke wa dijei asikae nyuma." Nikampakata Amolo. Sylvance alisimama kando ya tivii kama kawaida yake, kutazama watu wanachekea wapi.

Walicheka tangu mwanzo. Lile la kicheko na masikio lilipotoka, mwanamke mmoja alipiga kofi mpaka akadondosha mahindi yake. Mama Khalif akanigusa na kiwiko, "Huyu Mama Pendo ni mimi kabisa!" Nikatabasamu. Nikawa najua siri tamu peke yangu.

Halafu ikaja ya jikoni. Baba Pendo na Mama Pendo wanakata vitunguu, wote machozi yanawatoka, wanapangusana pua. Sylvance akamtia Mama Pendo maneno haya: "Kama ni kulia, tulie kwa zamu. Mmoja wetu abaki na macho ya kumwona mtoto."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko.

Niandike hayo maneno yalitoka wapi. Mwaka juzi Amolo alikuwa mdogo, amelazwa na nimonia, amewekewa hewa puani. Sisi wawili tulikuwa tumekaa sakafuni kwenye korido ya hospitali, Sylvance analia, mimi nalia, muuguzi anapita akituruka miguu. Ndipo nikamwambia vile. Akanielewa. Akalaza kichwa mapajani mwangu, nikakaa macho, halafu nikalala mimi. Tangu siku ile sikuwahi kuyarudia kwa mtu yeyote, kwa kuwa niliona si ya kurudiwa.

Leo yamechekewa na watu wanaokula mahindi.

Nilitaka kutoka, lakini Amolo alikuwa amelala kifuani pangu, na mbele ya miguu yangu kuna safu nzima ya watu. Nikakaa. Kama ningetoka nisingeona kilichofuata.

Kwenye muvi, Kasichana ka Mtandao yuko barabarani kwao, amevaa koti zito na kofia ya manyoya, theluji inamwangukia mabegani. Anaongea na simu. Sauti ya Sylvance ikashuka, ikawa laini, sauti ambayo nyumbani sijaisikia mwaka mzima: "Baba Pendo, umekula? Usinidanganye, sauti yako ina njaa. Huku kwetu joto linachoma mpaka ndala zinayeyuka. Lakini nikikusikia wewe, ni kama mtu amenifungulia dirisha."

"Dijei!" mtu akapiga kelele. "Hiyo ni theluji! Joto umelitoa wapi?"

"Silo leo amekunywa nini?"

"Ndala kwa theluji! Uuuwi!"

Mama Khalif alicheka mpaka akafuta macho na ncha ya mtandio. Wote walidhani ni utani. Mimi nilimtazama Sylvance. Utani wake huwa anausubiri, anainamisha kichwa kabla watu hawajacheka. Huu alikuwa hajausubiri. Aligeuka akaitazama theluji kwenye tivii kana kwamba ndiyo anaiona leo mara ya kwanza.

Jumapili, 6 Aprili

Sikwenda kanisani. Nilipika chai, nikamwekea, nikamwuliza, "Baba Amolo, ni wapi kuna joto la kuyeyusha ndala?"

"Aa, ule ulikuwa utani."

"Haukuwa utani. Nilikutazama."

Akachovya mkate. Nikangoja ameze.

"Maneno ya Mama Pendo umeyatoa kwangu," nikasema. "Ya yule msichana umeyatoa kwa nani?"

Amolo alikuwa anagonga sahani na kijiko. Sylvance akamnyang'anya kijiko, mtoto akalia, akamrudishia. Halafu akasema akiwa ametazama meza, "Anaitwa Clare."

Ni Mkenya. Anafanya kazi ya nyumbani Qatar. Akipiga pasi huweka muvi za Dijei Silo sikioni ili asikie watu wa kwao. Mwaka jana alimwandikia kumshukuru, Sylvance akamjibu, wakaanza kutumiana sauti. Yeye anamwuliza kama amekula.

"Hatujawahi kuonana, Nafula. Haki ya Mungu. Ni maneno tu."

"Maneno tu? Sylvance, wewe kazi yako ni nini?"

Akaitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani.

"Fundi akitoa mbao zake kwa mtu, hatasema ni mbao tu. Mama Khalif alikuwa mke wa mtu kwa maneno ya simu peke yake, na mpaka leo ni mke."

Akanisukumia simu. "Soma yote. Sina cha kuficha sasa."

Sikuishika. Nikisoma nitajua anavyosema, na nikijua nitaanza kujipima naye kila nikifungua mdomo. Nikamwuliza tu, "Na huyo umempa maneno yangu gani?"

"Hakuna. Yeye huwa namsikiliza."

"Na mimi?"

Hapo aligeuka akampangusa Amolo mdomo, na nadhani ndilo jibu lililoniuma kuliko yote.

Tukafika kwenye vitunguu. Nilimwuliza kwa nini yale, ya korido. Alifikiria. Nilimwona akifikiria kweli. Akasema, "Yalikuwa mazuri. Sikuwa na mengine mazuri kama yale."

Ningeweza kumrushia kikombe kama angekuwa anadanganya.

Nimemwambia hivi. Muthoki, tunayeuza naye Gikomba, ana chumba kimebaki wazi kwake Umoja. Mvua hizi zikiisha na barabara ikakauka kiasi cha mkokoteni kubeba kitanda, nitakuwa nimeamua kama mimi na mtoto tunahama au tunakaa. Mpaka hapo, neno langu hata moja lisitoke humu ndani kwenda kwenye hiyo maiki.

Akasema sawa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Tumeongea kuhusu mafuta ya taa.

Jumanne, 15 Aprili

Kwenye mfereji wa maji leo ndoo zilikuwa nyingi na foleni ndefu. Mama mmoja akamwambia mwenzake, "Tuchote kwa zamu, tulie kwa zamu!" Foleni nzima ikacheka. Mwingine akaniambia, "Mama Amolo, mwambie bwanako atoe sehemu ya pili, tunataka kujua Mama Pendo atafanya nini." Nikajibu, "Hata yeye hajui."

Wakacheka tena. Nimekuwa mcheshi bila kutaka.

Jumanne, 22 Aprili

Kifua cha Amolo kimerudi. Kuta za mabati zinatoa maji, blanketi zote zina unyevu. Asubuhi mbavu zilikuwa zinaingia ndani akivuta pumzi. Sikuhitaji kusema kitu. Sylvance alimfunga kwenye koti lake, akavua viatu, akapita kwenye yale matope pekupeku mpaka zahanati, mimi nyuma na kadi. Tukakaa kwenye benchi hadi alasiri, Amolo anavuta dawa ya mvuke, ameshika kidole cha baba yake.

Sylvance hakutoa simu hata mara moja. Hakusema maneno yoyote mazuri pia. Alikuwa anahesabu pumzi za mtoto kwa midomo, bila sauti. Nilimtazama muda mrefu. Huyu ndiye niliyemfuata Njiru. Sikuwa nimefuata sauti.

Ijumaa, 25 Aprili

Amolo amekula uji. Mungu ni mwema.

Jumamosi, 26 Aprili

Wekulo alikuja akiwa amejifunika gunia la mvua. "Shemeji, kina mama watanichomea kibanda. Sehemu ya pili iko wapi?"

"Mvua," Sylvance akasema.

"Mvua haianguki saa zote."

Akanitazama, halafu akamtazama Sylvance, halafu sakafu. Nilidhani Wekulo hajui kitu zaidi ya kiingilio. Akaniambia kwa Kibukusu, polepole, kwamba kama kuna neno nikalilie kwao, mke wake yuko. Nikamshukuru.

Jumamosi, 3 Mei

Sylvance ameniambia ameachana na Clare. Alimwambia ana mke na mtoto, na amechelewa kumwambia. Nilimwuliza Clare alijibu nini.

"Alilia. Halafu akaniuliza kama bado anaweza kusikiliza muvi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia muvi ni za kila mtu."

Nimemwonea huruma huyo msichana leo, jambo ambalo sikulitarajia. Yuko kwenye nyumba ya watu, anapiga pasi nguo zisizo zake, na sauti pekee inayomwuliza hali imezimwa. Naye hakunikosea mimi. Hakujua nipo.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua inapungua. Jana na leo nimeona kivuli changu. Nikiwa Gikomba nilijikuta nampangia Sylvance maneno, huku nakunja sweta. Si mengi. Ya kwamba tukae. Ya kwamba nimeumia na bado naumia, lakini nimeona miguu yake kwenye matope. Muthoki akaniuliza mbona midomo inacheza. Nikamwambia chumba chake ampe mtu mwingine, labda. Jumapili, tukitoka kanisani, nimwambie. Nitapika kuku.

Jumamosi, 10 Mei

Jana nikiwa sokoni alirekodi sehemu ya pili, Amolo akiwa kwa Mama Khalif. Leo Wekulo ameionyesha.

Nilikwenda kwa sababu nilimwamini. Na kweli, kuanzia mwanzo hakuna neno langu. Mama Pendo alikuwa anasema vitu vya kawaida vya muvi, kina mama hawakucheka sana, nikamhurumia Sylvance. Msichana akaja na sanduku, mama mkwe akatoka kabatini na koti la mtu, wakacheka hapo. Harusi ikafika. Baba Pendo akaanguka majini. Mama Pendo akavua viatu, akaingia, akamvuta. Wakakumbatiana wanachuruzika maji.

Na sauti ya kike ya Sylvance ikasema: "Baba Pendo, nimekusamehe. Nimeumia, bado naumia, lakini nimekuona. Twende tukae nyumbani kwetu."

Watu walisimama. Walipiga makofi. Mama Khalif alinikumbatia, machozi yanamtoka, akasema, "Afadhali! Nilikuwa nimeogopa ataondoka." Wanawake wa mferejini wakaenda kumshika Sylvance mkono. Naye akanitazama juu ya vichwa vyao, anatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

Nilichukua mtoto nikaenda nyumbani. Sikupika.

Jumapili, 11 Mei

Alikuwa na furaha mpaka asubuhi, maskini. Alidhani nimenyamaza kwa kuguswa.

Nikamwambia, "Washa kompyuta. Weka ile ya mwisho. Ile yenyewe, kabla hujaitia sauti. Na sauti ya wale wenyewe uizime."

Tukakaa kitandani, Amolo katikati, tukatazama. Mke anaingia majini. Anamvuta. Wanakumbatiana. Uso wake umelala begani kwa mume na kamera inamsogelea.

"Simamisha. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Anasema nini?"

Akasogeza uso karibu na kioo. Akarudisha nyuma, akatazama tena. "Hasemi kitu."

"Mdomo umefungwa, Sylvance. Umemsemesha msamaha akiwa amefunga mdomo."

"Nilitaka iishe vizuri."

"Ya kwao au yetu?"

"Mimi sikutumia neno lako lolote. Uliniambia nisitumie, sikutumia! Yale nilitunga mwenyewe. Nilikaa hapa nikafikiria, kama ni Nafula angesemaje. Nilitaka ujue naelewa ulivyoumia."

"Ulielewa vizuri. Hata kuliko unavyojua." Nikamvuta Amolo karibu. "Nilikuwa nimepanga nikuambie leo, tukitoka kanisani. Karibu vile vile ulivyosema. Nilikuwa nayo mdomoni tangu Alhamisi."

Akafunga kompyuta. Akanishika mikono yote miwili. "Basi sema, Nafula. Niko hapa, nasikiliza. Sema."

Nikafungua mdomo. Namshuhudia Mungu, nilifungua. Kilichokuja kichwani ni ile sauti yake ya kike, na makofi ya kibanda nyuma yake. Kila neno lilikuwa limeshasemwa, limeshalipiwa. Ningesema ningekuwa narudia muvi.

"Siwezi," nikamwambia. "Ulinitangulia."

"Kwa hivyo huna msamaha?"

"Nilikuwa nao. Umeutumia wewe."

Alilia. Mimi nilikaa na macho kwa ajili ya mtoto.

Jumanne, 20 Mei

Barabara imekauka.

Jumamosi, 24 Mei

Tumehamia Umoja kwa Muthoki. Sylvance mwenyewe ndiye aliyekodi mkokoteni na kuusukuma, hakutaka mtu mwingine abebe kitanda cha Amolo. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Mama Khalif alinifungia dera kwenye gazeti na kuniambia, "Mimi nilidhani kwenu mnacheka tu," nikamwambia nami nilidhani hivyo kumhusu yeye, tukashikana.

Alipomaliza kuingiza vitu alibaki mlangoni anajipangusa jasho na shati. Amolo alikuwa ameshalala juu ya furushi la sweta. Nilimwona akitafuta namna ya kusema. Alikohoa kama anavyokohoa mbele ya maiki, akaanza, "Mama watoto, sikiliza nikwambie," ile sauti nene ya Dijei Silo, halafu akaacha. Mikono haikujua iende wapi.

"Naweza kuja Jumapili?" akauliza.

"Njoo. Umwone mtoto. Na ukae kidogo."

"Nitasema nini?"

"Sijui. Mimi pia sijui nitasema nini."

Akasema, "Sawa." Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza, imekauka katikati, sauti ambayo hakuna mtu angelipa kiingilio kuisikia. Sikuwa nimeisikia siku nyingi.